Bi Siwema na Sumu Iliyozikwa Chumvini

Ukitaka kumuudhi Bi Siwema, mwambie chumvi ni kitu kidogo. Atakununia kutwa nzima, na kesho ukirudi kununua atakupimia kibaba kamili, kwa sababu hakuwa mwizi, lakini ile nyongeza ya kiganja ambayo kila mteja hupewa hutaiona. Wanawake wengine huona wivu juu ya waume zao. Yeye mume hakuwa naye tena, kwa hiyo wivu wote aliuweka kwenye chumvi.

Alikuwa Mzaramo wa Kunduchi, binti wa mzee aliyezeekea kwenye mashamba ya chumvi ya huko. Mumewe alipofariki na kumwachia mtoto mmoja wa kiume, Fikirini, alijifunga kanga kiunoni akaingia Kariakoo na kitu pekee alichokijua vizuri. Alianzia kwenye mabanda ya zamani. Serikali ilipoyabomoa na kujenga soko jipya, lile lenye mapaa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, wauzaji wa jumla walipewa nafasi chini ya ardhi, na watu hawakuchelewa kuiita shimoni. Wengi walinung'unika kwamba huko hakuna jua. Bi Siwema aliteremka akicheka, maana mvua ndiyo adui wa chumvi na mvua haikuwa na njia ya kufika kule. Aliyapanga magunia yake juu ya mbao, akayafunika turubai, akakaa mbele yake kama askari wa zamu.

Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Mama Gaudens, Mchagga wa Kibosho, muuza maharage, mcha Mungu na mpenda habari. Na kila asubuhi alipita Safari, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa akisukuma mkokoteni. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukosa adabu. Safari alikuwa akichovya vidole kwenye gunia la Bi Siwema bila kuomba, analamba, anakunja uso.

"Leo umeichanganya na mchanga, Mzaramo wewe."

"Kula ushibe, ukifa nikuzike na gunia tupu," Bi Siwema humjibu, na siku inaanza.

Fikirini alikuwa ndiye jicho lake. Kijana alisoma, akapelekwa na serikali Ujerumani Mashariki kujifunza kazi za migodi, akakaa huko miaka, akarudi na koti zito lisilo na kazi Dar es Salaam na kuajiriwa kwenye ofisi moja ya madini mjini. Mwaka ule vyama viwili vilipoungana na kuzaliwa CCM, alimwambia mama yake kwamba amempata mtu. Ni Zena, binti wa Mzee Bakili, seremala wa Mtaa wa Sikukuu. Msichana alikuwa mpiga chapa mjini, mpole wa sauti na mkali wa macho. Bi Siwema alimchunguza siku moja kwa kisingizio cha kuulizia kitanda, akarudi ameridhika kabisa. Mjomba wa Fikirini akapeleka posa, nao wakaambiwa, kwa heshima zote, wasubiri kidogo ndugu waulizane.

Ni katika kusubiri huko ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni yeye mwenyewe.

Jioni moja, wakila wali kwa samaki wa ng'onda uani, Fikirini alimpa mama yake habari aliyojua itamfurahisha. Alisema Wazungu wana mitambo ya kutoa umeme kwa nguvu ya atomiki, ndugu yake bomu, na mitambo hiyo huacha masalia yenye sumu. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Mtu atakufa, mjukuu wake atakufa, kitukuu atazeeka, yenyewe bado ina nguvu. Kuichoma haiungui, na ukiitupa baharini itakurudia kwenye sahani. Wataalamu wamekaa vikao mpaka wamechoka.

"Sasa wanaifanyaje?" aliuliza Bi Siwema, tonge mkononi.

"Wapo wanaoizika kwenye chumvi, mama."

Tonge likarudi sahanini. Fikirini akaeleza. Kule kwao, chini kabisa ardhini, chini kuliko kisima chochote, kuna miamba ya chumvi tupu iliyoachwa na bahari iliyokauka kabla hajaumbwa mtu. Kuwepo kwake hadi leo ni ushahidi kwamba maji hayajapita hapo, maana yangepita ingeyeyuka. Tena chumvi ile haipasuki kama jiwe. Inasogea polepole sana, mwaka kwa mwaka, inaziba kila nafasi, mpaka inalikumbatia kila pipa uliloliweka ndani yake.

"Mawe yapo, chuma kipo, saruji ipo," alisema Bi Siwema taratibu. "Wakachagua chumvi."

"Wengine wamechagua chumvi, ndiyo. Ila bado wanabishana, maana maji yakija kupata njia..."

Lakini kwa mawazo Bi Siwema hakuwa uani tena. Alikuwa ameshafika sokoni.

Kesho yake hakungoja hata maharage ya Mama Gaudens yapangwe. Alisimama juu ya kigoda chake, akautangazia umma wa shimoni kwamba kile wanachokiita kitu kidogo ndicho kilichopewa lindo la sumu ya atomiki Ulaya. Dhahabu imeshindwa! Chuma kimeshindwa! Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na angeshuka hapo angekuwa salama. Mama Gaudens ndiye aliyeuliza, bila ubaya, "Fikirini kasikia, ama kaona?"

Moyo wa mama ukavimba. "Kaona? Ndugu yangu, mwanangu ndiye aliyeshuka nayo! Mapipa kayaweka kwa mikono yake hii miwili. Ufunguo wa shimo alikaa nao yeye!"

Ulikuwa uongo, naye aliujua. Aliusema kwa raha tu, kama mtu anavyoongeza nazi kwenye mchuzi uliokwisha iva.

Mdomo uliponza kichwa. Habari ilipanda ngazi za shimoni ikiwa na miguu miwili, ilipofika Mnazi Mmoja ilikuwa na minne. Kwanza Fikirini alibeba mapipa. Halafu pipa moja lilimwagika. Halafu ilijulikana kwa hakika kwamba mtu aliyeguswa na atomiki hazai, na akizaa huzaa kitu cha kutisha, na usiku mifupa yake huwaka kama koroboi. Wateja wa Bi Siwema wakaanza kukumbuka kwamba bado wana chumvi nyumbani. Yeye alidhani ni hali ya maisha. Alichokiona na kikamnyima usingizi ni kimya cha Mtaa wa Sikukuu. Mjomba alikwenda kuulizia jibu, akapewa chai na habari za hali ya hewa. Akaenda tena, akapewa chai na maandazi. Watu wa pwani hawakwambii hapana. Wanakukirimu mpaka uelewe mwenyewe.

Fikirini alikuwa hasemi, ila alikuwa anakonda. Bi Siwema alimtazama akiacha chakula na moyo ulimuuma vibaya. Alikuwa amemlea peke yake, hakuwahi kumnyima kitu alichokiweza, na sasa hakujua hata amwendee nani amkasirikie.

Jibu lililetwa na Safari. Asubuhi moja alifika, akachovya vidole kwenye gunia mbele ya wote, akalamba, akajilaza chali juu ya mkokoteni wake.

"Nimekufa," alisema. "Nizikeni. Chumvi ya atomiki imeniua."

Bi Siwema alicheka, kisha akaona wengine hawacheki. Mama Gaudens alikuwa anachambua maharage yaliyokwisha chambuliwa.

"Mnacheka nini? Mbona sielewi?"

Safari akaketi. Utani ulimtoka usoni. "Mtani, hawa wote wanaogopa kukwambia, mimi sina cha kuogopa kwako. Mji mzima unasema mwanao kajaa sumu. Kwa Mzee Bakili wanasema hawatampa binti yao mtu ambaye hatazaa. Wamesikia kwa watu, watu wamesikia kwako. Kwani si wewe uliyesema kayabeba?"

Bi Siwema alifunika magunia yake jua likiwa bado la asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya Idi, akapanda ngazi bila kuaga.

Njiani alikuwa amekwisha panga. Dawa ilikuwa rahisi: atamchukua Fikirini, waende kwa Mzee Bakili, kijana aape kwamba hajawahi kuliona hilo shimo, na yeye akiri mbele yao kwamba alitia chumvi maneno. Ataaibika, basi. Aibu ya mama ni kitu gani mbele ya ndoa ya mwana? Fikirini aliporudi kutoka kazini baada ya alasiri alimkuta amekaa mlangoni na buibui begani.

"Vaa shati safi. Tunaenda kuapa."

Akamweleza yote, hata habari ya ufunguo. Fikirini alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na huko kutokukasirika ndiko kulikomtia mama yake wasiwasi.

"Siwezi kuapa, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli. Nilishuka."

Akakaa chini kwenye mkeka, karibu na magoti ya mama yake, kama alivyokaa alipokuwa mdogo. Alisema mwaka wa mwisho wa masomo walipelekwa kwenye mgodi wa chumvi kwa mazoezi, na sehemu ya mgodi ule ilikuwa imetengwa kwa mapipa. Walishuka kwa lifti ya chuma mpaka masikio yakaziba. Alitegemea baridi, akakuta joto, hewa kavu, na kuta zinazometameta pande zote. Kazi yao ilikuwa kusaidia kuyapanga mapipa kwa mashine. Walivaa kifuani kipimo kidogo cha kuonyesha kama sumu imewafikia, na kila walipotoka walipimwa mwili mzima. Yeye kila alipopimwa walimwambia yuko safi.

"Siku ya kwanza nililamba ukuta," alisema. "Wenzangu walinicheka. Nilikukumbuka wewe nikataka kulia."

Bi Siwema alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa chote, nyuma ya masikio, shingoni, mpaka mabegani, kana kwamba sumu ingekuwa uvimbe. "Mbona hukuniambia?"

"Ungelala?"

Wote wawili walijua asingelala.

"Sasa wewe mwenyewe huogopi?" aliuliza baadaye.

"Kwa ajili yangu siogopi sana. Kule kilichokuwa kinatusumbua ni kitu kingine. Mwalimu wetu alikuwa akisema: sisi tunajua mapipa yako wapi. Lakini watakuja watu wengine, baada ya lugha yetu kusahaulika, nao watapenda chumvi kama sisi, watachimba. Nani atawaambia? Kuzika si kazi. Kazi ni kumwambia atakayekuja."

Bi Siwema alimwacha pale mkekani, akajitupia buibui, akatoka peke yake. Hakumwambia anakwenda kusema nini, kwa sababu hakujua bado.

Na hapa tusimtukuze bure. Toka nyumbani kwake Mtaa wa Kongo hadi Sikukuu alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo halikuwa zuri. Dawa yake ya kwanza bado ilifaa. Angesema tu kwamba alijigamba, mwanawe hajashuka popote. Kila mtu angeamini, kwa sababu Kariakoo nzima ilijua mdomo wake. Posa ingekubaliwa, arusi ingefanyika, na ukweli ungelala chini ambako hakuna wa kuufukua. Alikuwa tayari kujiita mwongo mbele ya watu ili uongo mpya upite salama. Wangapi wetu tusingefanya hivyo kwa mtoto wa pekee?

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwenzangu, karibu ndani," Mama Zena alimpokea, na mara kikombe cha chai kikawa mbele yake. Bi Siwema alikitazama kama mgonjwa anavyotazama kwinini. Mzee Bakili aliingia akijipangusa vumbi la mbao, wakaulizana hali, wakaulizana hali za watoto, wakasema masika ya mwaka huu yamechelewa.

"Mzee Bakili," alisema Bi Siwema, "nimekuja kwa ajili ya maneno niliyoyasema sokoni."

"Maneno mengi husemwa sokoni, Bi Siwema."

"Nilijigamba. Nilisema mwanangu kayaweka yale mapipa na ufunguo kashika yeye."

Mama Zena alimtazama mumewe. Nyuso zao zilianza kufunguka. Bi Siwema aliliona hilo, aliona kabisa mlango unavyofunguka, na alichotakiwa ni kunyamaza tu. Mlangoni mwa ua palikuwa na kanga ya Zena imeanikwa, ya rangi ya ukwaju, bado inadondosha maji. Akamfikiria msichana yule miaka miwili baadaye, amejaa mimba, akisikia kwa mtu mwingine, kisimani au sokoni, jambo ambalo mkwewe alilijua na kulifukia chini ya kitanda chake.

"Ufunguo ni uongo wangu," alisema. "Mapipa ni kweli. Mimi nilidhani nasema uongo, leo ndiyo nimejua. Alishuka, aliyapanga, walimpima, wakamwambia yuko safi. Mimi sijui atomiki. Najua mwanangu hajawahi kunidanganya, isipokuwa kwa kunyamaza, na alinyamaza ili nipate usingizi. Sasa nimekwambieni. Mkisema hapana, semeni leo, msituchoshe na chai."

Mzee Bakili alishika ndevu. Alikuwa anaogopa, mtu mzima yule, na haikuwa siri.

Ndipo Zena akatoka chumbani. Si desturi, mchumba kujitokeza mbele ya mama mkwe posa ikiwa bado inazungumzwa, na mama yake alimtolea macho. Msichana alijitanda kanga vizuri, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi najua," alisema Zena, akimgeukia baba yake. "Aliniambia kabla hajaleta posa. Alinieleza kila kitu, mpaka habari ya kipimo cha kifuani. Akasema kama naogopa nimwambie mapema, hatanichukia."

"Na wewe ulinyamaza?" Mama Zena alimaka.

"Mliuliza mji mzima, mama. Mimi hamkuniuliza."

"Huogopi?" aliuliza Mzee Bakili.

"Naogopa, baba. Lakini aliniambia akiwa na hofu kuliko mimi. Nikaona huyu naweza kuogopa naye."

Mzee Bakili aliokota chembe za mbao kwenye shati lake, moja moja. Mwisho aliguna. "Basi," alisema. "Sisi hatujasoma mambo hayo. Aliyesomeshwa ni Fikirini, na binti yangu amekwisha amua. Mjomba aje keshokutwa, apate jibu badala ya maandazi. Ila Bi Siwema, nakuomba kitu kimoja. Siku ya arusi, usihutubie."

Walicheka wote, Bi Siwema zaidi ya wote, mpaka akafuta macho kwa ncha ya buibui. Akanywa chai yote, ingawa ilikwisha poa.

Magharibi ilimkuta njiani. Alikuwa na furaha kubwa, na kando ya furaha palikuwa na kitu kinachochoma ambacho alikuwa hataki kukitaja. Tangu Fikirini alipojua kutambaa, akijikwaa humkimbilia yeye. Jino lilipong'oka, alipofeli hesabu, walipompiga wenzake madrasa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuonyeshwa. Alidhani bado ni wa kwanza.

Alimkuta kibarazani, kiganja kwenye shavu, shati safi mwilini. Akasimama mbele yake.

"Wamekubali. Mjomba wako aende keshokutwa."

Kijana aliinuka akamkumbatia kwa nguvu, mbele ya wapita njia, Kijerumani kabisa, na mama yake akamwacha amkumbatie. Halafu akamsogeza mbele kidogo ili amwone uso.

"Ulimwambia yeye kwanza."

"Mama, nilitaka..."

"Sikugombezi. Ndivyo inavyotakiwa." Akamnyoosha ukosi wa shati. "Ila kuna moja hujamwambia, nimemwona usoni, halijui. Mwanamume mzima umeshuka chini ya dunia kushinda na sumu, na hadi leo unaogopa giza, huwezi kupita ukumbi huu bila mimi kukuachia koroboi imewaka. Kamwambie na hilo. Mimi nimekuwashia taa ya kutosha, sasa ni zamu yake."

Akaingia ndani haraka ili asimwone anavyolia. Muda kidogo baadaye Fikirini alisikia kiberiti kikipigwa, na ukumbi ukapata mwanga.